KILA UGONJWA UNA NJIA YAKE

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Mambo ya Walawi 13 na 14; Marko 1:40-45

 

Somo la mwezi huu linahusu virusi vya UKIMWI, yaani VVU, ugonjwa ambao wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kuuita SIDA. Tumelichagua kwa sababu ya mambo mawili tunayoyaona kati yetu.

Jambo la kwanza liko kwenye Meza ya Bwana. Wako wanaotazama kwanza ni nani aliyekunywa mbele yao, na wako wanaopitisha kikombe bila kunywa. Dada mmoja alianza kukaa benchi la nyuma ili anywe wa mwisho. Baadaye akaacha kuja kanisani. Tulipomtembelea tulikuta ameacha pia kwenda kuchukua dawa zake, kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni.

Jambo la pili: watu wale wale wanaokiogopa kikombe hawaogopi kumpeleka mtoto akatwe kilimi kwa wembe uliokwisha kuwakata watoto wengine. Hawaogopi kuchomwa sindano na mtu anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba.

Basi hofu yetu imekaa mahali pasipo hatari, na penye hatari hatuna hofu. Jambo hili linaua watu, na tunataka kulinyosha.

1. HOFU HII ILITOKA WAPI

Wengi wetu tulipita katika Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Ituri, na haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Waliokuwa Mangina, Beni na Butembo wanakumbuka ndoo za klorini kila mlangoni, salamu za viwiko, na ndugu waliozikwa bila kuoshwa na watu wao. Tulifundishwa tusimguse mgonjwa, tusiguse jasho wala matapishi yake, tusiguse maiti. Kwa Ebola mafundisho hayo yalikuwa kweli, na waliotii waliokoka.

Lakini kila ugonjwa una njia yake. Malaria huja na mbu. Kipindupindu huja na maji na mikono michafu. Kifua kikuu hupita hewani kwa kikohozi. Ukichukua sheria ya ugonjwa mmoja ukaiweka juu ya ugonjwa mwingine, utafunga mlango ambao mwizi hapiti, na kuacha wazi ule anaopita.

Jambo la kuishi pamoja na mwenye VVU lilichunguzwa zamani, tena kwetu Kongo. Miaka ya 1980, Kinshasa kulikuwa na kazi ya utafiti iliyoitwa Projet SIDA, iliyoongozwa mwanzoni na Daktari Jonathan Mann. Waganga hao walipima watu waliokaa nyumba moja na wagonjwa wa SIDA, waliokula nao na kulala nao chini ya paa moja. Waliokuwa katika hatari kubwa ni waume na wake za wagonjwa. Hawakupata alama kwamba ugonjwa unapita kwa kukaa nyumba moja tu. Na wakati ule dawa zilikuwa bado hazijapatikana.

2. MAMBO MATATU YANAYOTAKIWA

Ili VVU vipite kutoka mtu hadi mtu, lazima mambo matatu yakutane.

Kwanza, maji ya mwili yanayobeba virusi vya kutosha. Haya ni damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, jasho, machozi, kamasi na mkojo havimo, isipokuwa vikichanganyika na damu.

Pili, virusi viwe bado hai. VVU ni dhaifu nje ya mwili. Damu ikikauka mezani au kwenye nguo, havidumu. Lakini ndani ya bomba la sindano damu haikauki upesi, na humo vinaweza kukaa hai siku kadhaa.

Tatu, mlango wa kuingilia: jeraha bichi, sindano inayopenya ngozi, au utando laini wa sehemu za siri. Ngozi nzima isiyo na jeraha ni ukuta ambao Mungu ametupa.

Ukisikia habari yoyote ya kutisha, ipime kwa mambo hayo matatu. Likikosekana moja, njia haipo.

3. MAHALI PASIPO NA NJIA

Kikombe cha Meza ya Bwana: mate hayapitishi VVU. Kunyweni bila hofu.

Kula sahani moja, kuazimana nguo, kulala kitanda kimoja, kutumia choo kimoja, kuchota maji kwenye bomba moja: hakuna njia.

Kuwekeana mikono katika maombi, kukumbatiana, kubatizwa katika maji yale yale: hakuna njia.

Mbu: wengi huuliza, kwa kuwa mbu hunywa damu. Mbu akiuma hutema mate yake, harudishi damu ya mtu aliyemtangulia, na VVU haviwezi kuzaana ndani yake. Tena tazameni watoto wetu. Malaria inawapata watoto wa miaka mitano, sita, saba, kila nyumba. Kama mbu angepitisha VVU, watoto hao wote wangekuwa navyo pia. Sivyo tunavyoona.

Kumwosha mgonjwa na kumwosha marehemu: twaweza. Penye damu au vidonda, tuvae glovu, au mfuko wa plastiki, ile kavera, kama glovu hazipo. Kisha tunawe kwa sabuni.

Hapa tuongeze neno moja. Mwenye VVU aliyedhoofika hupatwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Kwa hiyo wewe unayekohoa wiki mbili na hujapimwa, ukikaa karibu naye katika chumba kilichofungwa madirisha, ndiye unayeweza kumdhuru. Fungueni madirisha ya kanisa, nanyi mnaokohoa mwende mkapimwe.

4. NJIA ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Tuseme wazi, ili mtu asilitumie somo hili kujificha nyuma ya wembe. Katika Afrika yetu, njia iliyowapitisha watu wazima wengi kuliko zote ni tendo la ndoa, ndani ya ndoa na nje yake.

Tunahubiri uaminifu na hatutaacha kuuhubiri. Lakini uaminifu wa leo hauoni yaliyopita jana. Kati yetu kuna wajane walioolewa tena, wanaume waliotengana na wake zao miaka mingi kwa vita, na akina mama waliotendewa kwa nguvu njiani. Mtu anaweza kuwa na virusi miaka mingi bila kukonda wala kukohoa. Hajulikani kwa macho. Anajulikana kwa kipimo.

Kwa hiyo tunawaomba wachumba wapimwe wote wawili kabla ya harusi, na waliooana wakapimwe pamoja. Kipimo cha damu kinaweza kuchelewa kuonyesha maambukizi mapya hadi miezi mitatu, basi aliyekuwa katika hatari karibuni arudie baada ya muda huo. Majibu ni ya hao wawili. Kanisa halitayaomba wala kuyatangaza.

Mmoja akiwa navyo na mwingine hana, ndoa haijafa. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wenzi 1,763 wa namna hiyo katika nchi tisa, zaidi ya nusu yao wakiwa Waafrika. Pale ambapo mwenye virusi alianza dawa mapema, maambukizi kwa mwenzake yalipungua kwa asilimia 96. Uchunguzi uliofuata ulionyesha zaidi: anayemeza dawa kila siku mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione tena, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mpaka kipimo hicho kithibitishe, watumie kondomu. Tunajua neno hilo huwafanya wengine wainamishe vichwa kanisani. Lakini mume anayemlinda mke wake hatendi aibu.

5. WEMBE, KISU NA CHALE

Hapa ndipo tunapojisahau. Wembe mmoja kwa watu wengi unaweza kubeba damu ya mmoja hadi kwa mwingine. Haubebi VVU tu. Homa ya ini ya aina ya B huambukiza kwa urahisi kuliko VVU, tena huishi nje ya mwili siku saba au zaidi.

Kukata kilimi: hakuponyi kikohozi wala kutapika. Watoto hutoka damu nyingi, na wengine hufa kabla hata ya kuwaza juu ya VVU.

Kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki: hayo ni meno ya kweli yanayoota ndani ya ufizi. Mtoto mwenye homa na kuhara anahitaji kupimwa malaria na kupewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS.

Chale za dawa, kutoboa masikio, na tohara ya pamoja kwa kisu kimoja: kila mtu awe na wembe wake mpya, na tohara ifanyike kituo cha afya.

Kinyozi: mashine ya umeme hatari yake ni ndogo sana, ila aisafishe kwa spiriti kila kichwa. Akitumia wembe, njoo na wako. Mswaki pia usiazimane, kwa sababu ufizi hutoka damu.

Mama wakunga, tunawaheshimu, kwa maana ninyi mliwapokea watoto wetu hata porini tulipokimbia. Mama akiwahiwa na uchungu usiku na hakuna gari, vaeni glovu, na kila kitovu kikatwe kwa wembe mpya. Lakini pakiwa na nafasi, mpelekeni kituoni.

6. SINDANO NA DAMU YA KUONGEZEWA

Watu wetu wanapenda sindano. Mtu akipewa vidonge anaona hakutibiwa. Ndiyo maana wenye mikoba wanapata wateja.

Sikieni yaliyotokea mbali, huko Kambodia. Mwishoni mwa mwaka 2014, katika eneo la vijijini linaloitwa Roka, watu zaidi ya 200 waligunduliwa kuwa na VVU, wakiwemo watoto wadogo na wazee sana. Walikuwa wametibiwa na mtu asiye na leseni aliyependwa na kijiji, kwa sababu alikwenda nyumbani kwa mgonjwa na kukubali kulipwa baadaye. Alikuwa akirudia kutumia sindano. Desemba 2015 mahakama ilimfunga miaka 25. Hakuwachukia watu wake, lakini wema wa mtu hausafishi sindano.

Kwa hiyo, unapochomwa sindano, shika mambo haya:

- Uliza kwanza kama vidonge vinatosha. Mara nyingi vinatosha.
- Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, sindano pamoja na bomba lake. Kubadilisha ncha peke yake hakutoshi, maana damu hurudi ndani ya bomba.
- Baada ya kutumika itupwe katika boksi la usalama. Watoto wakiokota sindano jalalani wasichezee, wamwite mtu mzima.
- Kuuliza si dharau. Sema kwa upole: "Daktari, naomba unifungulie mpya nione." Mhudumu mwema hatakasirika.

Chanjo za watoto kwenye kituo na kwenye kampeni hutumia sindano zinazojifunga zenyewe baada ya mara moja. Msiwafiche watoto.

Damu ya kuongezewa inatisha wengi. Ni kweli kwamba damu yenye virusi ikiingizwa mwilini bila kupimwa, kati ya watu 100 zaidi ya 90 huambukizwa. Ndiyo sababu damu ya hospitali hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende kabla ya kutolewa. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kufa usiku huo huo mkingali mnabishana. Mkubali apewe. Damu ya kukataa ni ile ya mtu anayesema atakutoa na kukuingizia nyumbani.

7. MAMA NA MTOTO

Bila matibabu yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa na mtoto akipewa zake, hushuka chini ya 5. Wapendwa, huu ni mlango ambao Mungu ameufungua katika siku zetu. Mama zetu wa miaka ya 1990 hawakuwa nao.

Mama mjamzito aende kliniki mapema, apimwe, na mume wake aende naye. Akikutwa navyo, aanze dawa siku hiyo akiweza, ajifungulie kituoni, na mtoto apewe dawa ya maji na kupimwa akifika wiki sita, kisha tena kama atakavyoelekezwa.

Kunyonyesha, kama mama anameza dawa, kunaruhusiwa na ni kwema. Miezi sita ya kwanza iwe maziwa ya mama peke yake. Bibi zetu, tunawaomba kwa heshima: msimpe mtoto uji wala maji kabla ya miezi hiyo. Uji wa mapema huumiza utumbo laini, nao unakuwa mlango. Baada ya miezi sita chakula kinaanza, na kunyonya kunaendelea.

8. SAA 72

Ziko nyakati ambapo hatari imekwisha kutokea, lakini mlango bado haujafungwa. Iko dawa ya dharura inayoitwa PEP. Huanzwa kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na kumezwa siku 28. Kila saa unayowahi inasaidia.

Mhudumu akijichoma na sindano ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni takribani 3 kwa kila 1,000. Ni mdogo, lakini upo. Anawe kwa maji na sabuni bila kuminya jeraha wala kumwagia klorini, kisha aende kituoni.

Aliyesaidia kwenye ajali ya boda boda akaguswa na damu, ikiwa ngozi yake ni nzima, anawe tu. Ikiwa damu imeingia kwenye jeraha bichi au machoni, asuuze kwa maji mengi aende kituoni.

Binti au mama, au hata kijana wa kiume, akitendewa kwa nguvu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tunasema hili kwa mkazo kwa sababu tunajua desturi zetu. Wazee hukaa, familia mbili huzungumzia mbuzi na fidia, siku ya nne inafika, na dawa haifai tena. Kikao kinaweza kungoja. Saa 72 hazingoji. Na asitafutwe mwenye kosa kwa mavazi yake: hana kosa.

9. DAWA NA MAOMBI

Tunaamini Mungu anaponya, na tunawaombea wagonjwa. Lakini wako wanaosimama na kusema, "Umepona, tupa vidonge." Huko ni kumwaga damu. Mtu akiacha dawa, virusi huamka ndani ya wiki chache, mwili hushuka, naye huweza kuambukiza tena.

Hata kipimo kikisema virusi havionekani, havijaisha. Vimelala, na dawa ndizo zinazovilaza. Ukisikia dawa zimepungua kituoni, kama ilivyovuma sehemu nyingi mwaka 2025 baada ya Marekani kusimamisha misaada yake mingi ya nje mwezi Januari, usigawane na jirani wala kumeza nusu. Nenda kaulize kabla chupa haijaisha. Hapa Uganda mkimbizi anatibiwa kwenye vituo vya serikali kama mwenyeji, na dawa hizi hazilipiwi.

10. TUNAJIFUNZA NINI KWA NENO LA MUNGU

Katika Walawi 13, mtu mwenye alama ya ukoma hakuhukumiwa kwa uvumi wa majirani. Kuhani alimtazama, akamtenga siku saba, akamtazama tena. Aliyekutwa mgonjwa alikaa nje ya kambi. Lakini sura ya 14 inaanza na njia ya kumrudisha ndani. Sheria haikusahau kumrudisha.

Katika Marko 1, mtu wa namna hiyo alikuja kwa Yesu. Bwana angeweza kusema neno tu kutoka mbali, lakini alimgusa kwanza. Kisha akamtuma kwa kuhani akajionyeshe, ili uponyaji wake uthibitishwe na yule aliyepewa kazi ya kupima. Kugusa na kupima vinakaa pamoja katika habari moja. Aliyeponywa haogopi kipimo, na anayempenda mgonjwa haogopi kumgusa.

Sisi tunajua maana ya kukaa nje. Tumeandikwa majina kwenye vitabu vya ugenini, tumepanga foleni, tumeitwa kwa namba. Tusiwatengenezee ndugu zetu ukimbizi mwingine ndani ya nyumba ya Mungu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Nasi tunaongeza: mara nyingi mtu huficha maradhi kwa sababu ya macho ya jirani. Tuyalainishe macho yetu, na watu watakwenda kupimwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mambo gani matatu lazima yakutane ili VVU vipite? Tumieni hayo kupima habari moja ya kutisha mliyosikia.
2. Katika nyumba yako, wembe hutumiwa na watu wangapi? Mtabadilisha nini wiki hii?
3. Akina baba: nani atakwenda na mke wake kliniki?
4. Jambo baya likimpata binti wa mtaa wetu usiku, ni nani atakayemfikisha kituoni, na kwa usafiri gani? Andikeni majina mawili.
5. Tunawezaje kumtembelea mgonjwa bila kumtangaza?

TUOMBE

Ee Baba, tuondolee hofu isiyo na msingi na utupe hekima penye hatari. Walinde watoto wetu. Watie nguvu wanaomeza dawa kila jioni. Warudishe waliokaa nyuma. Katika jina la Yesu, Amina.